Betri ya Seti ya Muziki: Kuichagua na Kuitunza

(Haya ni mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya betri. Tumeona wengine wenu wakicheka. Mmezoea tukija hapa ni habari ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Lakini vikundi vingi vilivyoketi hapa vina seti ya muziki ya kukodisha: spika mbili kubwa, amplifaya, maiki, na betri ya gari ya kuendesha vyote hivyo mahali ambapo stima haijafika, au imefika na kupotea. Matanga, harusi, harambee, siku ya wazazi shuleni, yote yanahitaji sauti. Ni mradi mzuri, unaleta pesa hata wakati wa kiangazi. Ila mradi huu una mdomo mmoja unaokula sana, nao ni betri.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kuna kikundi kimoja cha akina mama na vijana, hatutakitaja jina kwa sababu baadhi yao wako hapa. Waliweka akiba muda mrefu, wakachukua na mkopo kidogo, wakanunua seti. Wakatuuliza, tununue betri gani? Sisi tukawajibu kwamba betri ni betri, nunueni ile ndogo ya gari, bei yake ni nafuu. Tulisema hivyo kwa uhakika kabisa, na kalamu mfukoni.

Wakanunua N50, mpya. Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa tatu muziki ukaanza kufifia kabla watu hawajamaliza kula. Mwezi wa nne, kwenye matanga, mjane aliposimama kuwashukuru watu, sauti ikakatika. Yule mama aliendelea kuongea bila maiki, na watu waliokuwa nyuma hawakusikia hata neno. Wenye matanga walikataa kulipa, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Seti ilikuwa ikiwekwa nyumbani kwa kijana mmoja wa kikundi. Betri inachajiwa mchana kwa fundi sokoni, inafika kwake jioni ikiwa imejaa, asubuhi haina nguvu. Basi usiku inafanya nini? Wengine wakasema anaikodisha kwa siri. Wengine, ati anaangalia televisheni. Akaitwa mbele ya kamati, akakana, hakuna aliyemwamini. Akatozwa faini, akailipa, akatoka kikundini. Sisi wa ofisi tulikuwa tumeketi kwenye kikao hicho, tukanyamaza.

Wiki chache baadaye fundi mmoja alifungua vifuniko vya betri ile na kupima kila chumba. Vyumba vitano vilikuwa sawa. Cha sita kilikuwa kimekufa. Betri yenyewe ndiyo iliyokuwa ikijila usiku, na hakuna mtu aliyeigusa.

Kwa hivyo, hebu tuelewe ndani mna nini. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, mafundi huviita seli. Kila seli inatoa volti 2 na kidogo. Ndani ya seli kuna mabamba ya risasi, yale ya upande wa jumlisha na yale ya upande wa kutoa, yamezama katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa. Betri ikitumika, asidi inaingia kwenye mabamba na yale maji yanakuwa mepesi. Ikichajiwa, asidi inatoka kwenye mabamba na kurudi majini. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, aliitengeneza ya kwanza mwaka 1859, na mpaka leo kazi yake ni ile ile. Chumba kimoja kikifa, vile vingine vitano haviwezi kukibeba. Ni kama kikundi cha watu sita wanaopokezana ndoo kutoka mtoni na mmoja amekwenda zake.

Sasa, kwa nini ile N50 ilikufa haraka? Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kwa kazi nyingine. Mabamba yake ni mengi na membamba, ili itoe nguvu kubwa sana kwa sekunde chache tu, injini ishike. Baada ya hapo altenata ya gari inairudishia kile kidogo ilichotoa. Haikukusudiwa kukamuliwa mpaka mwisho. Ukiimaliza kabisa mara makumi machache tu, mabamba yanaanza kumomonyoka, na unga wake unaanguka chini. Betri ya sola, ile ya kutumika polepole kwa muda mrefu, ina mabamba mazito. Ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini ndiyo inayofaa kazi ya muziki. Hata hivyo nayo usiikamue. Tumieni nusu, nusu nyingine iacheni. Jamani, hili tunalirudia kwa sababu ndilo linaloua betri nyingi: nusu tu.

Mnauliza, tutajuaje ukubwa unaotufaa? Hapa lazima tufanye hesabu kidogo, na mweka hazina achukue kalamu.

Kwanza, msiamini maandishi yaliyo kwenye boksi la amplifaya. Utaona wati 2000, wati 3000. Angalieni fyuzi yake. Kama fyuzi ni ya ampea 30, zidisha kwa volti 12, unapata 360. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mashine ile inaweza kuvuta kwa muda kutoka kwa betri yenu kabla fyuzi haijakatika, na sehemu ya hiyo inaishia kuwa joto. Wati 3000 zitatoka wapi? Ni maneno ya sokoni.

Pili, mashine haivuti kiasi kile kile wakati wote. Mtu akihutubia inavuta kidogo, ngoma nzito zikipigwa inavuta sana. Mwambieni fundi mwenye mita ya ampea awapimie wakati muziki unapigwa kama mnavyoupiga siku ya kazi. Tuseme kwa wastani amepata ampea 15. Shughuli ni ya saa sita. 15 mara 6 ni 90. Hizo ni ampea-saa 90, na hiyo ndiyo nusu. Kwa hivyo mnahitaji betri ya ampea-saa 180, au mbili za 100 zilizounganishwa pamoja. Mnaona sasa ile N50 ilivyoonewa? Herufi N na namba yake ni alama ya saizi, na namba iko karibu na ampea-saa zake: N50 ni karibu 50, N70 karibu 70, N100 karibu 100. Tulikuwa tumempakia punda mzigo wa lori.

Na kuna jambo moja wauzaji hawalisemi. Zile ampea-saa mara nyingi zimepimwa kwa kuitumia betri polepole, kwa saa 20. Betri ya 100 itatoa ampea 5 kwa saa 20. Lakini ukiivuta ampea 20, usidhani itafika saa tano. Itachoka mapema. Kwa hivyo hesabu yenu ikiwa 180, msinunue 150 mkitumaini.

Mkiunganisha mbili, ziwe za aina moja, saizi moja, zimenunuliwa siku moja. Jumlisha kwa jumlisha, kutoa kwa kutoa, na zitabaki volti 12. Msichukue mpya mkaiunganisha na kuukuu ili kuisaidia. Ile kuukuu itaiburuta mpya.

Siku ya kununua, nendeni watu wawili au watatu, mmoja wenu awe na mita ya volti. Mita ndogo haina bei kubwa. Pimeni betri palepale dukani kabla ya kutoa pesa. Iliyojaa na kutulia inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa sana kwenye rafu, ombeni nyingine. Ulizeni tarehe ya kutengenezwa. Risiti iandikwe jina la kikundi, si jina la mwenyekiti, na kadi ya garantii ipigwe muhuri. Ulizeni pia kama garantii hiyo inakubali betri itumike kwa muziki, kwa maana wauzaji wengine watasema ilikuwa ya gari tu, na hapo mtarudi nyumbani mikono mitupu. Betri zilizofungwa kabisa, zisizoongezwa maji, ni nzuri kwa kusafirishwa na boda boda kwa sababu hazimwagiki kwa urahisi, lakini huwezi kuzifungua upime chumba kimoja kimoja. Siku hizi ziko pia za lithiamu. Ni nyepesi, na unaweza kutumia sehemu kubwa zaidi ya chaji yake bila kuiharibu. Ila zinataka chaja yake maalumu na pesa nyingi kwa mara moja, nasi hatuwezi kukishauri kikundi chenye mkopo kianze na hiyo.

Basi mmeinunua. Kuna waya sasa, na hapa tunaona maajabu. Kikundi kinanunua betri nzuri, halafu kinaunganisha amplifaya kwa waya mwembamba wa taa, mita kumi. Waya wa shaba wa milimita 2.5 ukiwa na urefu wa mita kumi kwenda na kumi kurudi, ukipitisha ampea 30, unapoteza volti 4 njiani. Betri ina 12, mashine inapata 8. Watu wanasema betri ni mbovu, kumbe nguvu imeishia kwenye waya. Wekeni amplifaya karibu kabisa na betri, waya wake uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwe karibu na betri. Waya mrefu uwe ule wa kwenda kwa spika. Tumewahi kuona mahali waya umepata joto mpaka mpira wake ukayeyuka juu ya mkeka. Hakukuwa na fyuzi.

Wale wenye pikapu ya kikundi, msiendeshe muziki na betri ile ile ya gari wakati injini imezimwa. Saa tatu baadaye mtakuwa mnasukuma gari usiku na mwili umekwisha kuzikwa na watu wamekwenda. Muziki uwe na betri yake. Na mkitoa betri kwenye gari, tangulizeni kutoa waya wa upande wa kutoa. Mkiirudisha, huo uwe wa mwisho. Spana ikiteleza na kugusa bodi, itapiga cheche.

Tuje kwenye kutunza. Betri ikitoka kazini ichajiwe siku hiyo hiyo, au kesho yake. Isikae wiki nzima ikiwa imeisha, kwa sababu kwenye mabamba inajitengeneza chumvi nyeupe ambayo mwanzoni ni laini, na chaji inaiondoa. Ikikaa inakuwa ngumu, na haiondoki tena. Betri nyingi tulizoziona hazikuuawa na muziki. Ziliuawa Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa sababu kila mtu alidhani mwingine ameipeleka kwa fundi.

Chaji ya polepole ndiyo nzuri. Kiasi kinachofaa ni sehemu moja ya kumi ya ampea-saa zake: betri ya 100 ichajiwe kwa ampea 10. Kama imetumika nusu, itachukua saa kama sita mpaka nane. Fundi akikwambia atakujazia kwa saa moja, betri inachemka, mabamba yanapinda, nawe umelipia uharibifu. Wenye paneli za sola wanaweza kuchaji wenyewe, lakini lazima kuwe na kidhibiti chaji katikati. Kwa betri ya maji na asidi, kikomo ni karibu volti 14.4.

Maji yaangaliwe kila mwezi, na wakati wa joto kila wiki mbili. Yafunike mabamba. Mabamba yakionekana, ongezeni kidogo tu yafunikwe, kisha chajini, halafu ndipo mjaze mpaka alama. Ukijaza kwanza, yatafura na kumwagika na asidi yake. Maji yawe yale ya betri yanayouzwa kwenye chupa. Ya kisima yana chumvi, ya mtoni yana udongo, na yale ya mvua yaliyopitia mabati yamechukua vitu vya mabati.

Mzee mmoja hapo mbele anauliza kama si vizuri kuongeza asidi ili iwe kali. Hapana, mzee. Asidi haikauki, kinachokauka ni maji. Ukiongeza asidi betri itachangamka siku mbili tatu, kama mtu aliyekunywa, halafu mabamba yataliwa. Kama betri ilipinduka na asidi ikamwagika, hiyo ni kazi ya fundi.

Na mama anauliza habari ya kuiweka juu ya sakafu ya simenti, kwamba simenti inanyonya moto wa betri. Haya ni mambo ya zamani, wakati betri zilikuwa na masanduku ya mbao au mpira. Plastiki za leo hazinyonywi na simenti. Lakini wekeni juu ya ubao hata hivyo, kwa sababu ya usafi, na mbali na jua na jiko. Joto linafupisha maisha yake sana.

Kupima ni namna mbili. Kwa mita ya volti, iacheni betri itulie saa chache bila kutumika wala kuchajiwa. 12.6 na zaidi imejaa. 12.2 ni nusu, acheni hapo. Chini ya 12 mmekwisha kuiumiza. Njia ya pili ni haidromita, kile kichupa chenye mpira wa kufinya na kiboya ndani. Unavuta maji ya kila seli. Iliyojaa inasoma karibu 1265, nusu kama 1190, iliyoisha 1120. Kinachotakiwa hasa ni seli zote sita zilingane. Moja ikiwa chini mbali na wenzake hata baada ya chaji, hiyo ndiyo iliyomtoza kijana yule faini.

Jambo la hatari tuliseme bila kuzunguka. Betri ikichajiwa inatoa hewa inayowaka na kulipuka. Msiwashe sigara karibu, na msimulike ndani ya vyumba kwa koroboi wala kiberiti. Tochi ipo. Chajini mahali penye hewa, si chumba wanacholala watoto. Asidi ikiruka machoni, osheni hapo hapo kwa maji mengi safi kwa dakika 20, halafu hospitalini mara moja. Msianze kutafuta gari kabla ya maji. Ikimwagika sakafuni, mwagieni magadi au soda ya kuoka. Hiyo hiyo soda na maji ya moto husafisha ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri, vifuniko vikiwa vimefungwa. Halafu pakeni grisi kidogo.

Betri iliyokufa irudishwe dukani au kwa anayenunua kihalali, na mara nyingi mtapunguziwa bei ya mpya. Msiivunje nyumbani kuyeyusha risasi. Mnajua ya Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilileta sumu ya risasi kwa wakazi na watoto wao. Mama Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipanda kwenye rufaa, na ilifika mpaka Mahakama ya Juu. Ile ilikuwa ni risasi ya betri kama hizi zetu. Inaingia kwenye damu ya mtoto na kudhuru akili yake, na sufuria iliyoyeyushia risasi haifai tena kupikia hata maharagwe ya mbwa.

Mnataka kujua ya yule kijana. Tulikwenda kwao, sisi pamoja na mwenyekiti na mweka hazina, na betri ile mbovu juu ya baiskeli. Tukampimia mbele ya mama yake, seli moja moja. Mwenyekiti akamrudishia faini yake. Sisi nasi tukasema kwamba tulikosea mara mbili, kwanza kwa kushauri na pili kwa kunyamaza. Alisikiliza, akahesabu pesa, akatuambia ana mahindi ya kupalilia. Hajarudi kikundini. Lakini amekubali kuwapimia betri kila mwezi kwa malipo, na kikundi kimenunua daftari. Ndani yake kunaandikwa tarehe, volti kabla ya kazi, volti baada ya kazi, maji yaliyoongezwa, na nani ameipeleka kuchajiwa. Daftari linalala mahali pamoja na betri. Tangu hapo hakuna aliyeulizwa betri ilikuwa wapi usiku.

Haidromita ya ofisi yetu iko kwa karani. Kikundi kinaweza kuiazima kwa siku moja, mwandike jina, na muirudishe ikiwa imeoshwa. Sasa tutoke nje. Fundi ametuwekea betri tatu chini ya mti, na moja ina seli iliyokufa. Akina mama watangulie kupima.